Siku Mama Shukuru Alipomwamkia Mtani Wake

Mimi ni Mpare wa Same, na sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tupate nauli ya kwenda kumshtaki aliyetuibia kuku. Sikatai. Napenda kesi, napenda hoja, na sipendi mtu anayeanza kusema jambo halafu akaliacha njiani. Kwa hiyo nilipohamishiwa Songea kufundisha shule ya msingi, nikapanga chumba Matarawe kwa Emerensiana Mapunda, nilikuwa nimefika nyumbani bila kujua.

Emerensiana, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shukuru kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alizaliwa Mpitimbi, akaletwa mjini na mumewe Romanus aliyekuwa akipakia tumbaku kwenye maghala ya ushirika. Romanus alipofariki, mjane wake hakurudi kijijini kama ndugu walivyotaka. Alinunua mapipa, akaloweka ulezi, akaanza kupika komoni, na kwa pombe hiyo akawasomesha watoto wake wote. Kilabu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati, na kilikuwa safi kuliko hoteli nyingi nilizokula mjini pale.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa bado napanga vyombo niliposikia ugomvi uani.

"Fungeni mbwa wenu!" Mama Shukuru alikuwa akipiga kelele. "Mhehe ameingia na njaa yake!"

"Nisingekuja," sauti ya mwanamume ikajibu, "ila nimesikia panya wamekwisha Matarawe yote. Nikajua Mngoni leo hana kitoweo. Nimekuja kukuzika mapema, kabla hujanuka."

Nilichungulia. Mzee mmoja mwembamba, amevaa koti, alikuwa amesimama mlangoni pa kilabu. Mama Shukuru alimvua kofia, akaitumbukiza kwenye ndoo ya machicha, kisha akamrudishia kichwani. Nikasema hapa kuna kesi, tena nzuri, ya shambulio na kudhalilisha mbele ya mashahidi. Nikatoka mbio, nikamwambia yule mzee kwamba mimi nimeona yote na niko tayari kutoa ushahidi popote.

Kilabu kizima kilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Mzee mwenyewe alicheka huku machicha yakimtiririka usoni.

Ndivyo nilivyojifunza utani wa Wangoni na Wahehe. Mababu zao walipigana vita vikali enzi za mikuki, na walipochoka kuuana wakaachiana ruhusa ya kutukanana milele. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha wewe. Yule mzee alikuwa Kajetani Kikoti, Mhehe wa Iringa, ambaye serikali ilimleta zamani kufundisha wakulima wa Namtumbo kilimo cha tumbaku na mahindi. Watu wote walimwita Bwana Shamba. Alipostaafu hakurudi kwao. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wamesambaa, na yeye alidai kwamba anasubiri mvua zipungue barabarani ndipo asafiri. Mvua zilipungua mara nyingi. Ukweli ni kwamba kule Iringa nani angemtukana vizuri kama Mama Shukuru?

Kila alasiri alikuja, na kila alasiri wateja walinyamaza kidogo alipobisha hodi, wasikose neno. Wengine hawakuwa hata wanywaji. Mwalimu mwenzangu, Mwislamu safi wa Tunduru, alikuwa akija kukaa upande wa nje ya uzio na chupa yake ya soda, kusikiliza tu.

Kisha ikaja ruhusa ya vyama vingi. Ilikuwa miaka ya soko huria: mitumba imejaa sokoni, wafanyakazi wa mashirika wanapunguzwa kazi, kila mwenye baiskeli anajiita mfanyabiashara. Sisi wa Matarawe tulijiunga na chama kipya kilichoitwa Chama cha Mwamko, CHAMWA kwa kifupi. Bwana Shamba tulimchagua mwenyekiti wa tawi kwa sababu alikuwa na koti na aliweza kuhutubia bila kusoma. Mama Shukuru alishika akina mama. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu katika kila kikundi huwa wanamtafuta mwalimu wakamwachia kalamu. Mikutano tulifanyia kilabuni, asubuhi, kabla pombe haijaiva. Ilianza kwa matusi ya mbwa na panya, ikaishia kwa hoja, na nakiri kwamba sijawahi kufurahia mikutano kama ile.

Furaha hiyo ilidumu mpaka wakubwa wetu wa Dar es Salaam walipogombana.

Mwenyekiti wa taifa wa CHAMWA alisema redioni kwamba huduma ni bidhaa kama bidhaa nyingine: shule, dawa, kitanda cha hospitali, kila mtu anunue kwa kadiri ya mfuko wake. Katibu Mkuu wake akamjibu kwamba hicho si chama alichojiunga nacho. Yeye aliamini kitu alichokiita demokrasia ya jamii. Akatoka na wafuasi wake, akaanzisha chama kingine, akakiita Demokrasia ya Jamii, yaani DEJA, chenye bendera ya kijani na nyeupe na mafiga matatu katikati.

Nilikaa na Mama Shukuru jikoni nikamweleza. Nilijiandaa vizuri. Nilimwambia kwamba wako watu wanaotaka serikali ishike kila kitu, na wako wanaotaka soko lishike kila kitu, na hawa wa demokrasia ya jamii wanasimama katikati: auzaye auze, anunuaye anunue, lakini mgonjwa, mtoto wa shule na mzee wasipelekwe sokoni. Nilikuwa naingia kwenye mfano wa nchi za Ulaya aliponikatiza.

"Maana yake tusingetumwa dukani siku ya Fortunata," alisema.

Fortunata alikuwa mkwe wake, mke wa Shukuru. Alikuwa ameletwa mjini kujifungua, na uchungu ulipomshika wakaambiwa wodini kwamba siku hizi mzazi huja na vyake: mipira ya mikono, wembe, uzi, pamba. Ndiyo ilikuwa sera mpya, kuchangia gharama. Nesi mwenyewe aliwaambia huku akitazama chini kwa aibu. Mama Shukuru alikimbia mjini kutafuta mipira ya mikono siku ya Jumapili, maduka yamefungwa, akagonga milango ya watu waliokuwa wakila chakula cha mchana. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazaliwa, mzima, anapiga kelele. Kila mtu alimwambia ashukuru Mungu. Alishukuru, lakini hakusahau.

"Mimi nilikuwa na miguu ya kukimbia," aliniambia. "Yule aliyetoka Mpitimbi peke yake, hana mtu, yeye anakimbiaje huku mtoto anatoka?"

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tawi likakutana. Mama Shukuru alisimama kabla ya ajenda. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mimi natoka CHAMWA," alisema. "Naenda DEJA. Chama kinachosema mgonjwa ni mteja si changu. Atakayenifuata anifuate."

Bwana Shamba aliegemea kiti. "Mwacheni aende," alisema. "Huko kuna mafiga. Atapata mahali pa kuchomea panya wake."

Watu walipasuka kwa kicheko. Mama Shukuru akainua sauti, akasema hatanii. Kicheko kikazidi. Akapiga meza, akasema nawaambia kweli, na mtu nyuma akajibu, "Kweli ya Mngoni hiyo!" Kadiri alivyokasirika ndivyo walivyofurahi, maana waliona leo amejipanga, leo utani umenoga. Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu Mpare anaijua kesi akiisikia. Mama Shukuru alitutazama mmoja mmoja, akakunja khanga yake, akaingia ndani.

Nilimfuata. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la mahindi.

"Judica, mwanangu," alisema, "miaka yote hii nasema uongo juu ya mtu huyu, naambiwa naongea vizuri. Leo nimesema kweli mara moja tu. Umeona walivyonitenda?"

Alikuwa ameumia, na mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye. Tukaamua tuendelee. Tulizunguka Lizaboni, tukazunguka soko kuu, tukapanda gari la mizigo mpaka Mpitimbi kwa ndugu zake. Kila mahali yalikuwa yale yale. Watu walitukaribisha, wakamsikiliza, wakatabasamu, kisha wakauliza, "Na Mhehe wako amejibuje?" Shangazi yake alichukua kadi ya DEJA, akaomba na nyingine ya ziada ampelekee jirani acheke naye. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwetu sisi usaha wenyewe ndio ulichukuliwa kuwa mzaha.

Hapo ndipo Mama Shukuru alipofanya jambo ambalo sidhani kama lilishawahi kufanyika Matarawe.

Ilikuwa alasiri, kilabu kimejaa. Bwana Shamba alifika kwa wakati wake, akagonga nguzo. "Hodi hapa kwenye ghala la panya!"

Wateja wakashusha makopo. Mama Shukuru alifuta mikono kwenye khanga. Alimwendea polepole, akasimama mbele yake, akapiga goti kidogo kama wanawake wa kule wanavyofanya mbele ya wakwe zao, akasema kwa sauti ya chini na ya adabu kabisa:

"Shikamoo, baba."

Msomaji ambaye hana mtani hataelewa. Bwana Shamba alimzidi Mama Shukuru umri wa kutosha. Kwa mtu mwingine yeyote shikamoo ile ilikuwa haki yake tangu zamani. Lakini mtani haamkiwi. Ukimwamkia mtani wako kwa heshima umemwambia kwamba yeye na wewe hamna kitu, kwamba amekuwa mzee wa kawaida tu apitaye njiani. Hakuna tusi lililowahi kutamkwa pale kilabuni lililokuwa zito kama heshima ile.

Bwana Shamba aliangalia huku na huku, kama kuna mtu wa kumwambia anachotakiwa kufanya.

"Marahaba," alisema mwishowe.

"Karibu kiti, baba. Wa nyumbani hawajambo?"

Hakuwa na mtu nyumbani, na wote tulijua. Alikaa. Akaletewa kopo lake kwa mikono miwili. Alikunywa nusu, akaaga vizuri, akaondoka na koti lake. Mlevi mmoja aliyekuwa amelala benchini aliamka kwa sababu ya ukimya, akauliza nani amekufa.

Jioni ile Matarawe yote ilijua. Kesho yake Mfaranyaki walijua. Na siku iliyofuata watu walianza kuja mlangoni kwetu, si kwa kucheka. Mama mmoja wa Lizaboni, muuza vitumbua, alisema maneno ambayo kila mtu aliyarudia: "Kama Mngoni amefikia kumwamkia Mhehe, basi jambo hili si dogo. Nielezeni vizuri." Tukaeleza. Wakajiunga wakulima, wauza mitumba, fundi cherehani, wanawake wengi waliokuwa na kisa chao cha wodini wasichowahi kukisema. Shangazi wa Mpitimbi alileta watu kumi na wawili. Tawi la DEJA Songea likasimama, na Mama Shukuru akapitishwa kugombea udiwani katika uchaguzi wa madiwani wa mwaka ule wa tisini na nne. CHAMWA wakamsimamisha Bwana Shamba.

Kwa hiyo alipata alichotaka: alisikilizwa. Lakini kilabu kilikuwa kimekufa ganzi. Wateja waliingia, wakanywa, wakaondoka. Kila alipokutana na Bwana Shamba, Mama Shukuru aliacha njia yake, akavuka barabara, akapiga goti, akamwamkia. Yule mzee akaanza kuzunguka na njia ya Mfaranyaki kwenda sokoni ili tu asiamkiwe. Nilimwona siku moja akijificha nyuma ya mti wa mwarobaini, mtu mzima na koti lake, mpaka Mama Shukuru akapita.

"Mama," nilimwambia, "mambo ya siasa yabaki siasa. Si umtukane hata kidogo tu?"

"Nikimtukana watasema yote yalikuwa utani," alijibu. "Wale akina mama walioniamini nitawaambia nini?"

Alisema kwa ukali, lakini asubuhi nyingine nilimkuta anakoroga pombe peke yake. Hakujua kwamba nipo. "Mhehe wee," alikuwa anaiambia pombe, "hata nzi wanakukimbia..." Akatabasamu, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilirudi nyuma kimya kimya. Niliumia moyo siku hiyo, na nikawachukia wakubwa wote wa Dar es Salaam kwa majina yao.

Siku ya mdahalo wa wagombea uwanja ulijaa. Watu walikuja kutoka mbali wakiamini kwamba sasa, mbele ya kipaza sauti, watani hawa hawataweza kujizuia. Bwana Shamba akasimama: "Ndugu yangu Mama Mapunda ameeleza hoja yake vizuri, ila kwa heshima naomba kutofautiana naye kidogo." Mama Shukuru akajibu: "Namshukuru mzee wangu Kikoti kwa busara zake." Wakaendelea hivyo. Watoto walilala migongoni. Kabla jua halijatua uwanja ulikuwa mtupu, na wauza karanga walikuwa wanalalamika kwamba vyama vingi vimeharibu biashara.

Mgombea wa chama tawala alishinda kwa kishindo. Bwana Shamba alishika nafasi ya pili, Mama Shukuru ya tatu, na wote wawili kwa pamoja hawakufika nusu yake. Mama Shukuru aliyapokea matokeo bila kulia. Alisema mara ya kwanza ni ya kuonyesha sura, mara ya pili ni ya kushinda.

Mara ya pili haikufika. DEJA ilizaliwa tukila mahindi mabichi, na mahindi ya msimu uliofuata yalikuwa hayajakauka shambani tuliposikia habari za saa saba mchana: yule Katibu Mkuu aliyeianzisha DEJA amerejea CHAMWA, amekumbatiana na mwenyekiti wake, na wanachama wote wa DEJA wanaombwa warudi nyumbani kwa moyo mweupe. Tofauti zimekwisha. Zilikwishaje, hakusema. Mpare hawezi kukubali kesi inayofutwa bila maelezo, na nilitamka kuhusu yule bwana maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, wiki ile ile basi la Dar es Salaam lilituletea gunia kutoka makao makuu. Lilikuwa limecheleweshwa njiani, nani ajuaye wapi. Ndani yake zilikuwa bendera, mpya kabisa, za pamba nzito, kijani na nyeupe na mafiga yake, nyingi za kutosha kupamba mji mzima. Mama Shukuru aliliweka gunia katikati ya sebule, akakaa karibu nalo. Kilabu akakifunga.

"Uso wangu nitauweka wapi?" aliniuliza. "Nimewapandisha watu mlima, halafu mlima wenyewe umeondoka."

Majirani walipita wakipunguza mwendo. Ilikuwa kama kuna msiba ndani, lakini ni nani aliyewahi kwenda kutoa pole kwa kifo cha chama?

Asubuhi moja tukasikia kilio barabarani. Kilikuwa kilio kikubwa, cha kupanda na kushuka, na mtaa wote ulitoka nje. Bwana Shamba alikuwa anakuja. Alikuwa amegeuza koti lake ndani nje, amejifunga majani ya mgomba kichwani, anapiga kifua.

"Mwanangu DEJA! Umeondoka bila kuniaga! Jana ulikuwa hujui kutembea, leo umezikwa!"

Watu walianza kumfuata, maana hili kila mtu alilijua. Kwenye msiba mtani ana haki yake. Huja akamcheka marehemu, akaiga kasoro zake, akaziba njia, akachukua mali, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika wala kukataa. Kazi yake ni kuwafanya wenye machozi wacheke. Bwana Shamba alijilaza kizingitini petu, chali, miguu nje, kichwa ndani.

"Marehemu alikuwa na mafiga matatu!" alilia. "Chungu hakuwa nacho! Kichwa kilikuwa Dar es Salaam, tumbo Songea, shingo wameisahau wapi? Baba yake mzazi ndiye aliyemkaba, nimesikia redioni kwa masikio yangu!"

Umati ulikuwa tayari unacheka. Mama Shukuru alisimama juu yake, mikono kifuani.

"Mzee Kikoti," alisema, "tafadhali inuka. Mimi nakuheshimu."

"Usiniheshimu!" Bwana Shamba aliketi, majani yakamwangukia machoni. "Umeniheshimu mpaka nimekonda! Mtoto wa watu umenipa shikamoo sokoni, shikamoo posta, shikamoo kanisani hata kwenye foleni ya komunyo! Mimi nilikukosea nini kikubwa hivyo?"

Kisha akatulia. Alitoa majani kichwani, akayashika mikononi, na aliposema tena hakuwa analia.

"Marehemu alikuwa na kosa moja, nalo nitalisema kwa sababu mtani hafichi. Alisema kweli, lakini aliisema kwa mdomo wa Mngoni, sisi tukacheka. Mimi nilicheka wa kwanza. Mgonjwa hapelekwi sokoni. Siku ile uliyoniamkia, ningekuwa na jibu ningekujibu, hata kama umepiga goti. Nilitafuta kichwani, sikulipata. Ndiyo maana nikasema marahaba."

Nilidhani sasa Mama Shukuru atalia, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Mhehe wee," alisema. "Maneno mazuri hivyo nani kakufundisha? Au kuna mbwa msomi umemla, sasa anabwekea tumboni?"

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Watu waliruka, wanawake walipiga vigelegele, mwalimu wa Tunduru alidondosha soda yake. Bwana Shamba alifunika uso kwa majani ya mgomba na mabega yake yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au vinginevyo. Kisha akaruka kizingiti, akaingia sebuleni, akalikumbatia lile gunia la bendera.

"Mali ya marehemu ni ya mtani!"

"Mwizi!" Mama Shukuru alipiga kelele, lakini hakumzuia, kwa sababu huwezi. "Unazipeleka wapi? Bendera za mafiga Mhehe atazifanyia nini, nawe hujui hata kupika?"

Bwana Shamba alijitwika gunia kichwani. "Nazipeleka wanakozaliwa watu," alisema. "Pamba hii imeshiba. Huko mzazi aliyekuja mikono mitupu atapata cha kumfunikia mtoto. Kama kuna Mngoni anayepinga, aende akashtaki. Shahidi wake Mpare yupo hapa, anasubiri tangu siku aliyohamia."

Tulimsindikiza mpaka wodi ya wazazi, tukiimba nyimbo za msiba kwa sauti ya harusi. Nesi aliyetoka kutupokea alitaka kwanza kujua kama ni maandamano, na kama yana kibali. Tulipomweleza alilishika gunia kwa mikono miwili, akasema zitafuliwa, zitakatwa, zitagawiwa wasio nacho. Bwana Shamba aliendelea kuwa mwenyekiti wa tawi la CHAMWA, ambalo sasa lilikuwa na yeye na wazee wenzake wachache, na kilabu kilifunguliwa alasiri ile ile. Mama Shukuru hakujiunga tena na chama chochote. Alisema amekwisha kufiwa mara mbili, mume kisha chama, inatosha.

Baada ya mavuno nilimsindikiza stendi kupeleka mzigo wa ulezi. Kwenye benchi la wanaosubiri gari la Tunduru alikaa msichana mmoja, mwembamba, peke yake, amepakata mtoto mchanga. Mtoto alikuwa amefunikwa kitambaa kizito, kijani na nyeupe, na mafiga matatu yamekaa sawasawa juu ya tumbo lake.

Mama Shukuru alisimama. Yule msichana akamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kile kitambaa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nakapanya, mama."

"Mtoto mzuri. Hicho umemfunikia umekipata wapi?"

"Nimepewa kule kule nilikojifungulia. Nilikuja sina kitu, baba wa mtoto yuko machimboni. Walinifunikia mtoto, wakaniambia niende nacho tu."

"Hawakukuuliza chochote? Hata chama?"

"Chama gani, mama?" msichana aliuliza, akashangaa kweli. "Waliniuliza mtoto anaitwa nani."

Gari likapiga honi. Mama Shukuru alimsaidia kupanda, akampa mtoto dirishani, akasimama pale vumbi likitufunika wote wawili. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha, naye alikuwa anacheka, na alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikataka kulalamika.

"Judica," alisema, "umesikia? Hakuulizwa kitu."